Nyuzi Nyeusi Katika Halua ya Mzee Saif

Mzee Saif anapika halua Kariakoo, karibu na soko. Anakoroga kwa mwiko mrefu, anaongeza samli, kisha anaonja. Kila sufuria lazima aionje mwenyewe, ingawa ana kisukari mwaka wa kumi sasa. Vidonge vyake hunywa akikumbuka.

Asubuhi moja aliinamia sufuria akaona nyuzi nyeusi.

"Mauza!" alimwita mkewe. "Sukari hii ina uchafu!"

Mauza alichungulia. "Mbona safi?"

Mzee hakusikia la mtu. Alimwaga sufuria nzima. Mauza alikasirika sana, maana sukari ile aliipangia foleni duka la ushirika tangu alfajiri.

Kesho yake nyuzi zikarudi. Mzee alikuwa ameshika sufuria amwage tena, ndipo akaingia jirani yao Blandina, muuguzi wa kliniki ya macho.

"Shikamoo, Mzee Saif. Halua ina kosa gani?"

"Marahaba. Ina nyuzi, mwanangu."

"Hebu funika jicho la kulia. Unaziona?"

"Zimekwenda!"

"Sasa funika la kushoto."

"Zimerudi. Hata ukutani zipo!"

"Basi halua haina kosa. Damu imevuja ndani ya jicho lako la kulia."

Mzee aliiacha sufuria. "Nitakuwa kipofu?"

"Ukikaa tu hapa, huenda. Twende leo, tutawahi. Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Mipya inaota, lakini ni dhaifu, inavuja. Daktari atachoma nyuma ya jicho kwa mwanga mkali, na mishipa hiyo itanywea."

"Lakini jicho haliniumi!"

"Ndiyo ubaya wake, mzee wangu."

Alikwenda siku ileile. Alitiwa dawa ya matone, akachomwa kwa mwanga, akarudi tena mara tatu. Alishika kiti kwa nguvu, lakini alivumilia. Hakurudishiwa kila kitu. Gizani bado hujikwaa. Ila upofu umezuiwa.

Daktari alimwagiza anywe vidonge kila siku, apime macho kila anapoitwa, na aache kuonja. Hilo la mwisho lilimuuma kuliko ule mwanga! Siku hizi anaonja Mauza. "Iliki haitoshi," anasema, na mzee asiyesikia la mtu anaongeza iliki huku akinung'unika.

Jana aliinamia sufuria. Akafunika jicho moja, kisha la pili. Aliona halua tu, nyekundu, iking'aa kwa samli.

"Mauza," aliita, "njoo uonje. Hii hatuimwagi."