Sinki la Kumwogeshea Mtoto

Fundi rangi wa magari alikuwa amekunja suruali, amekunja na uso. Sinki la jikoni kwake lilikuwa la kauri nyeupe, lakini weupe wenyewe ulibaki jina tu. Chini ya bomba palikuwa na mstari wa kutu. Kwingine kote ni madoa ya chai.

Kesho yake mkewe angetoka hospitali na mtoto wao wa kwanza. Mtoto huyo alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akalazwa mpaka mapafu yake yapate nguvu. Mke alikuwa amesema kwenye simu, "Mwanangu ataogea kwenye sinki hilo. Nisikute doa, mume wangu."

Sasa fundi wetu, kazini kwake, ni kuchanganya tu kutwa nzima: rangi hii na ile, rangi na thina. Akaona dawa moja ikiwa kali, mbili zitakuwa kiboko. Akamwaga klorini ya kufulia nguo nyeupe. Juu yake akamimina siki.

Harufu ikampanda puani. Macho yakatoka machozi, kikohozi kikambana.

"Toka nje! Acha kila kitu, toka!"

Alikuwa jirani yake dirishani, mama aliyefua mashuka ya hospitali miaka nenda miaka rudi. Mtaani walimwita Bi Pua, maana hakuna harufu iliyompita. Fundi akatoka mbio, mlango akauacha wazi.

"Umechanganya nini, mwanangu?"

"Klorini na siki, mama. Nilitaka nguvu."

"Nguvu umeipata! Hiyo ni hewa ya sumu. Klorini haichanganywi na siki, wala limau, wala dawa ya choo, wala dawa nyingine yoyote. Na kama mtoto angekuwemo humo ndani?"

Fundi akaketi chini uani, bado akikohoa.

"Kikohozi kisipokoma, twende hospitali," alisema Bi Pua.

Kilikoma. Walingoja hewa isafike kabisa, ndipo wakaingia, wakafungua madirisha na kulisuuza sinki kwa maji mengi. Fundi akachomoa msasa mfukoni.

"Weka chini! Hilo si bodi la gari. Ukilikwaruza, uchafu utajificha kwenye mikwaruzo. Hata waya wa kusugulia sufuria usiguse."

Bi Pua akakoroga soda ya kupikia, ile ya unga, na maji kidogo mpaka ikawa nzito. Fundi akasugua polepole kwa sponji laini. Madoa ya chai yakaanza kuaga. Wakasuuza tena. Kwenye kutu, klorini ikiwa imeshaondoka yote, wakapaka maji ya limau, wakayaacha kidogo, wakasugua, wakarudia.

"Na bomba hilo linalodondosha maji?" aliuliza Bi Pua. "Badilisha raba yake, la sivyo kutu itarudi."

Fundi akabadilisha siku hiyohiyo.

Kesho yake mkewe aliingia jikoni, akapitisha kidole ndani ya sinki jeupe, akacheka. Fundi akamsimulia yote, hata sehemu ya aibu. Mke akampa mtoto.

"Basi mwogeshe wewe."

Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Fundi akamshusha mtoto majini polepole. Akainama, akamsikiliza mwanawe akipumua, taratibu, bila kukwama. Ndipo na yeye akashusha pumzi.