Vielelezo Arobaini na Vitatu

Kufuli lilikuwa limevunjwa, jokofu liko wazi, na rafu ya tatu ilikuwa tupu. Chupa sita za kioo, lita moja moja, zilikuwa zimetoweka. Hakuna kingine kilichoguswa. Hata kompyuta mpya ilikuwa bado mezani.

Inspekta Budimir Krstonić alichuchumaa mbele ya jokofu.

"Ndani ya chupa kulikuwa na nini, Daktari?"

"Maji," alijibu Dkt. Milunka Tošović, mkuu wa kituo cha utafiti wa matunda.

"Watu hawavunji kufuli kwa ajili ya maji."

"Maji yenye mikuki." Alimwonyesha kisahani cha maabara. "Huu utando ni bakteria wa ugonjwa unaounguza mipeasi yetu. Hapa nilidondosha tone moja tu. Unaona?"

Katikati ya utando kulikuwa na doa safi, kama kioo cha dirisha kilichofutwa kwa kidole.

"Kuna bakteria wema wanaoishi kwenye majani," alisema. "Hutengeneza chembe ndogo mno, mfano wa mikuki. Zikimchoma adui, anakufa. Chembe zenyewe hazina uhai, hazizaani."

"Zinatokaje ndani yao?"

"Bakteria anapasuka. Yeye anakufa, ndugu zake wanabaki."

Inspekta aliandika. Akaandika pia kwamba dawa hiyo haijapata kibali na hairuhusiwi kutoka nje ya kituo.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa Ognjen, fundi wa maabara.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Harusini kwa binamu yangu. Muulize mpiga akordiani, nilimkanyaga vidole."

"Vya miguu?"

"Vya mikono. Alikuwa amelala chini ya meza, bosi. Halafu mimi nina ufunguo. Nivunje kufuli kwa nini?"

Mpiga akordiani alithibitisha, mkono ukiwa kwenye bandeji. Alama za vidole hazikupatikana. Jalada likaanza kushika vumbi.

Siku ya kumi na moja, chupa zote sita zilikutwa mlangoni mwa kituo, zimeoshwa hadi zinang'aa. Hazikuwa tupu. Zilijaa slatko, vipande vya peasi vilivyopikwa kwa sukari, ile anayopewa mgeni kijiko kimoja na maji baridi kabla hajaketi vizuri.

"Zipelekwe kwa mkemia," Ognjen alisema. "Huenda ni sumu."

Inspekta alichovya kidole, akaramba.

"Kampuni ya dawa ingetuma wakili. Huyu ni jirani. Ameona aibu kurudisha chombo cha watu kikiwa kitupu." Akamgeukia Daktari. "Nawe unamjua."

"Mimi najua bakteria."

"Umeona ganda la limau humu lilivyokatwa kama uzi, ukageuza uso. Umeila wapi hii?"

Daktari alifunika chupa.

"Kwa Radojko Gajić, mkulima wa kule kilimani, kabla hajafariki. Mkewe alinipa kila nilipokwenda kuchukua sampuli. Bakteria wetu walitoka kwenye mti wake."

Inspekta alituma watu wachukue majani ya miti kumi ya Gajić, yakafungwa kwa lakiri. Alhamisi matokeo yalitoka: matone kumi ya maji yaliyosuuza majani hayo, madoa safi kumi kwenye utando.

Alasiri hiyo alipanda kilimani. Mipeasi ya majirani ilikuwa na maua meusi, vitawi vimejikunja. Agizo la wizara lilibandikwa kwenye kila lango: miti yote ya kilima, mizima na migonjwa, ichomwe Ijumaa.

Shamba la Gajić lilikuwa la kijani tupu.

Stojna Gajić, mjane wa Radojko, aliketi uani, kitambaa cheusi kichwani. Bomba la kunyunyizia dawa lilikuwa ukutani, halikufichwa.

"Umechelewa," alisema. "Nilikutegemea Jumatatu."

"Mama Stojna, nina hati ya upekuzi."

"Wasomee kuku, mimi sina miwani hapa. Keti."

"Una haki ya kunyamaza."

"Nimenyamaza tangu mazishi ya Februari. Inatosha."

Inspekta alifungua karatasi za maelezo ya onyo.

"Nani alivunja kufuli?"

"Mimi. Kwa mtarimbo wa Radojko."

"Nani alikusaidia?"

"Nani? Hata magoti yangu yaligoma njiani."

"Kwa nini hukumwomba Daktari?"

"Nilimwomba mara nne. Alilia, akasema sheria, kibali, miaka miwili. Ua la mpeasi linasubiri kibali? Radojko ndiye aliyewaonyesha mti uliokataa kufa. Akawaambia, angalieni huu una nini. Wakaangalia, wakapata. Leo wanakuja kuuchoma!"

"Ungezivunja zile chupa, nisingekupata kamwe."

"Ndiyo maana sikuzivunja. Unalikumbuka trekta letu?"

Alilikumbuka. Radojko aligongwa na gari akiliendesha barabarani; yeye akapona, trekta likawa kielelezo cha kesi. Lilikaa uani kwa polisi miaka minne, likiota kutu.

"Kila mwezi alikuja kuliomba," Stojna alisema. "Ukawa unamjibu nini?"

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Kwamba kielelezo hakiguswi. Hata waziri hakigusi, mpaka hukumu."

"Andika basi. Niliiba chupa sita. Nikanyunyizia mipeasi arobaini na mitatu. Kila jani ni ushahidi wa wizi wangu. Na usiusahau ule wa kisimani, umejificha nyuma ya banda."

"Mama, unaweza kufungwa."

"Nifungwe. Alipokuwa anakata roho hakuniomba jiwe la kaburi. Alisema, 'Stojna, usiwaachie.' Mwanangu, nimemzika mume wangu. Miti yake siziki."

Inspekta aliokota kalamu. Aliandika mpaka giza lilipoanza kuingia, naye Stojna akatia sahihi.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, lori la wizara lilipanda na misumeno na mapipa ya petroli. Msimamizi alishuka, akasimama kinywa wazi. Kila mpeasi ulikuwa umezungushiwa utepe wa polisi na kutundikwa namba.

"Inspekta, mimi nina agizo!"

"Nami nina kesi ya jinai. Gusa namba moja, nikutie pingu."

"Shamba zima ni kielelezo?"

"Moja hadi arobaini na tatu."

Msimamizi alimtazama kikongwe aliyesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Na kesi yenyewe itaisha lini?"

"Mimi sina haraka," Stojna akajibu.