Sauti ya Ami Yaqoob Juu ya Ashkhara

"Halua imeganda," Bi Shaikha alisema kwenye simu, akakata.

Hajar alijua maana ya fumbo hilo la mkuu wake. Nizar kesharuka.

Alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikaiacha njia ya Al Kamil, ikashuka pwani ya Ashkhara. Upepo wa kusi ulikuwa ukisukuma ukungu mzito kutoka baharini.

Kisha akaliona.

Puto la injini, kubwa kama msikiti, likielea juu ya mapaa.

Ami yake, Yaqoob, ndiye aliyeliunda, ghalani kwake Ibra. Alipenda kumhadithia Hajar habari za Henri Giffard, Mfaransa aliyetia injini ya mvuke kwenye puto mwaka 1852. Kwenda aliweza, kurudi akiukabili upepo hakuweza. Uzeeni macho yalimfifia Mfaransa yule. Ya Ami Yaqoob nayo yakazimika. Ndipo alipolifundisha puto lake kusikia na kujibu kwa sauti yake mwenyewe. Lilitii watu wawili tu: yeye na Hajar.

Nizar, mshirika wake, alimsukuma kutoka juu ya jukwaa, akamwua. Akaliiba puto, akalitia usukani wa mkono, asijue kwamba bado linasikia. Sasa lilibeba makombora ya kulipua matangi ya gesi kule Sur.

"Samah hapa," redio ilikwaruza. "Wanajeshi wangu tayari. Tulitungue?"

"Juu ya nyumba za watu? Ngoja."

Hajar alihamia masafa ya zamani ya puto. Tangu mazishi hakuthubutu kuyagusa.

"Ami. Mimi Hajar."

Mkwaruzo. Kisha sauti ya marehemu, ile ile, ya taratibu.

"Nakusikia, mwanangu. Mbona umepotea?"



"Geuka kusini. Ukabili upepo."

"Upepo mkali, mwanangu. Tutakwama."

"Ndivyo nitakavyo."

Puto likageuka.

Kusi ikalishika palepale. Injini zilinguruma, lisisogee hata dhiraa. Dirishani Nizar alionekana akiupiga usukani ngumi.

"Sasa teremka, ami. Polepole."

Likishuka, upepo ulilirudisha nyuma taratibu, likatua kwenye uwanda wa chumvi, nje ya mji, Hajar na wanajeshi wakilifuata kwa magari. Nizar aliruka na AK-47 mkononi.

Glock ya Hajar ikamuwahi. Risasi moja, begani. Wanajeshi wakamkalia juu.

Simu ikalia.

"Ahsante, mwanangu," Bi Shaikha alisema. "Uzime mtambo, uufute. Mwingine asije akautumia."

"Na sauti?"



"Na sauti. Pole, Hajar."

Alipanda chumba cha rubani. Mkono ukatua juu ya swichi.

"Tumefika?" sauti iliuliza.

"Tumefika, ami."

"Pakoje? Nielezee, mie sioni."

Hajar alitazama nje.

"Bahari nyeupe. Ukungu unafunguka. Wanawake wanageuza dagaa juani."

"Alhamdulillah."

Akaivuta swichi.

Alishuka, akavaa Ray-Ban zake, akampita Nizar bila kumtazama.

"Samah," alisema, akifungua mlango wa gari, "hapa chai ya maziwa inauzwa wapi?"