Waya Uliosuguliwa kwa Mchanga

Kila asubuhi kabla ya shule, Rhobi husugua masufuria kwa mchanga ufukweni mwa ziwa, Bukima, mpaka yang'ae. Ni msichana wa darasa la saba, na akishika kazi haiachi njiani. Basi alipokabidhiwa koili ya waya wa mota ya klabu ya sayansi, akaiona imefifia, aliufungua waya wote, akausugua barabara, kisha akauviringisha upya na kuubana.

Mwalimu Pelagia alikuwa amewaeleza kwamba waya wa kawaida hukinza umeme. Lakini zipo fuwele zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati, ambazo zikipozwa mno, kupita barafu kwa mbali, umeme hupita ndani yake bila ukinzani wowote. Shaba haifiki huko; baridi huupunguza tu ukinzani wake. Hilo ndilo Rhobi na mwenzake Lukas walilotaka kulionyesha kwenye maonyesho ya sayansi ya Bunda.

Waliitia koili kwenye mfuko wa nailoni, wakaizika katika barafu ya wachuuzi wa sangara. Mita ya kupimia ukinzani ikasoma sifuri, kana kwamba shaba imekuwa kama zile fuwele. Lukas alirukaruka; kwake yeye, zawadi ilikuwa imeshapatikana. Kabla ya kengele shule nzima ilikuwa na habari.

Rhobi alibaki kukusanya vifaa. Barafu ilikuwa imeyeyuka na koili imepata joto la jua, lakini mita bado ilisoma sifuri. Alipotazama kwa karibu, aliona rangi inayoufunika waya na kuuzuia umeme usivuke imebanduka kwa mchanga, shaba tupu inagusana, na umeme unapita njia ya mkato.

"Wewe nyamaza tu," Lukas alimwambia alipoelezwa. "Tukisema, Bunda hatuendi."

Rhobi aliumia, maana safari ile aliitaka kuliko Lukas. Hata hivyo alikwenda ofisini.

"Mwalimu, ile sifuri si ya kweli. Nyumbani tunasuguaga kila kitu na mchanga, na mimi nikausugua waya."

Mwalimu hakumkaripia. Aliwatafutia waya mwingine, wakauviringisha upya, wakapima na kurudia. Ukinzani ulipungua kidogo tu. Lukas alinung'unika, lakini ndiye aliyeshindilia barafu hadi vidole vikafa ganzi.

Huko Bunda, jaji aliwaambia waitoe koili kwenye barafu. Ukinzani ukapanda. Walipoirudisha, ukashuka. Akataka warudie tena mbele ya watu wote, na ikawa vilevile. Wakawa washindi wa pili wa maonyesho.

"Njia ya mwongo fupi, wanangu," Mwalimu Pelagia aliwaambia. "Kwa ile sifuri yenu mngesimama hapa mkiomba asitokee mtu wa kusema rudieni. Leo amesema, na hamkutetemeka."