Mafundo Matatu

Shangazi yangu ni nesi, na mchana ule mimi ndiye niliyempelekea chakula wadini. Kwa hiyo hili sikusimuliwa lote, mengine nimeyaona. Anayetaka kubisha abishe, ila anisikilize kwanza.

Ilikuwa wiki ya kawaida tu. Wadi ya wanaume, mashuka safi, sakafu imepigwa deki. Kitanda cha sita alilala mzee ambaye manesi walimwita Pilipili. Mguu ulishaoza, lakini mdomo mzima! Ukimchoma sindano, wewe malaya. Ukimwosha, mwizi. Ukichelewa na beseni, anakutukania mama yako aliye kaburini. "Matusi hayatoboi ngozi," matroni aliwaambia, nao wakamaliza kazi yao na kwenda kumcheka huko nyuma. Shangazi aliwashinda wote kwa uvumilivu. Majuma matatu hakumjibu hata neno.

Sasa, shangazi alikaa miaka tisa kwenye ndoa bila mtoto, na mawifi zake walishammaliza kwa maneno. Mwezi ule ndiyo kwanza mimba ilikuwa imeshika. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Siku moja alikuwa akimsafisha kidonda, mzee akamkamata mkono, akasema polepole:

"Hicho ulichokificha tumboni nimekiona. Utazaa, lakini hutaitwa mama."

Beseni likamponyoka. Kesho yake, saa sita mchana, mzee akakata roho. Daktari akaja, akapima, akaandika, akaondoka.

Maiti hufungwa kidevu kwa bandeji, mdomo usibaki wazi. Fundo moja utosini linatosha. Shangazi alipiga matatu. Alikaza mpaka meno yakagongana. Nilikuwa nyuma ya pazia na bakuli langu la chakula, nikamsikia akinong'ona:

"Haya. Tukana sasa."

Nisiseme uongo, nilifurahi. Nikacheka kabisa. Nesi mwenzake aliyekishika kile kichwa hakucheka. Alinifuata nje.

"Umeona?"

"Nini?"

"Midomo yake. Ilicheza."

Asubuhi iliyofuata mjane akaja juu. Mbona mumewe hakufungwa? Wamemkuta mochwari mdomo wazi, hana hata uzi! Mhudumu wa mochwari akaapa kwamba hakuna aliyemgusa. Bandeji ikatafutwa kila mahali. Haikuonekana. Shangazi akashika tumbo, akakaa chini palepale sakafuni.

Alikwenda kuomba radhi. Alipiga magoti mbele ya yule mjane, akalia kama mtoto, akaeleza yote bila kuficha. Mama wa watu akamwinua.

"Mimi nimekusamehe, mwanangu. Yeye sijui."

Miezi ikaenda. Tumbo likakua, tukaanza kusahau, mawifi wakafyata mikia. Mtoto akazaliwa wa kike, kilo tatu na nusu. Hakulia. Wakampiga nyayo, wapi! Alipumua vizuri, macho wazi, kimya. Mkunga akamfuta damu, akasita, akamfuta tena. Mstari mwekundu ulipita chini ya kidevu, ukapanda mashavu yote mawili, ukaishia utosini. Huko kulikuwa na vivimbe vitatu.

Leo ana miaka minne. Mstari haujafutika. Anakula, anakimbia, anacheka bila sauti, na madaktari wanasema koo lake halina kasoro. Mimi namsuka. Baba yake anamwosha uso. Mawifi wanambusu mashavu mpaka anachoka. Lakini shangazi akinyoosha mkono, hata amfute makombo tu, mtoto anarudi nyuma mpaka ukutani, anaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.