Popo wa Uani kwa Hafsa

Rafiki yangu Hafsa wa Shangani si mtu wa kuzua mambo. Magharibi moja alitoka kuanua nguo. Popo wa darini kwao walikuwa wakiwinda mbu uani kama kawaida, ila kila aliyefika katikati alipinda ghafla, kama anayekwepa nguzo. Hapakuwa na nguzo.

"Mama, hebu waone hawa!" alimwita mama mkwe wake.

"Acha hizo nguo, mwanangu. Ingia ndani sasa hivi."

Kesho yake popo walipindia mlangoni.

Juzi umeme ulikatika, popo mmoja akaingia chumbani. Gizani Hafsa alisikia mbawa zikizunguka chumba kizima, zikikwepa kila mara mahali palepale: kando ya kitanda cha mtoto.