Chachu ya Bi Badria

Kila Alhamisi alasiri nyumba ya Bibi Ghanima mjini Ibra hunukia iliki hadi barabarani, na majirani hukumbuka ghafla kwamba wana siku nyingi hawajamjulia hali. Ndiyo siku ya mkate wa kumimina. Mchele umelala majini tangu asubuhi, sasa unasagwa kwa tui, kisha Bibi hufungua friji na kutoa chupa ya chachu.

Chupa ile ilikuwa na heshima kuliko wajukuu. Ndani mlikuwa na uji mzito wa mchele, wenye mapovu na harufu ya uchachu mtamu. Kila wiki Bibi huchota nusu akaitia kwenye mkate, na nusu iliyobaki huilisha unga wa mchele na tui, ikajaa tena. Aliianzisha dada yake, Bi Badria, mwaka ule waliporudi nchi ya mababu kutoka Unguja. Sasa Bi Badria ni marehemu.

"Dada yangu kaondoka, lakini mkono wake ungalimo humu," Bibi husema, kisha huanza: mkaa chini ya sufuria, mkaa juu ya kifuniko, na Badria akipuliza moto mpaka nyusi zikaungua. Hadithi hiyo wajukuu waliijua kwa moyo, nao hawakuichoka.

Alhamisi moja goti lilimuuma Bibi. Alipomaliza kuumua mkate, alimwita Rumaitha, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili.

"Leo ilishe wewe, mwanangu. Tui liwe vuguvugu. Tia kidole kwanza. Kikistahimili, na chachu itastahimili."

"Haya, Bibi," alijibu Rumaitha, macho yakiwa kwenye simu. Akalitoa tui jikoni likichemka, akalimimina lote. Kidole alikikumbuka baadaye, na alipokitia alikitoa akiruka.

Ijumaa asubuhi akachungulia chupa. Hakuna povu hata moja.

"Nani kafiwa?" aliuliza kaka yake, Firas, aliyemkuta ameinamia friji. Akaitazama chupa. "Wallahi, umeipika!"

Rumaitha hakucheka. Wiki mbili nyuma, mwalimu wao, Abla Israa, aliwaonyesha chembe za hamira kwa hadubini. Kila seli ilikuwa kama yai dogo. Ubavuni mwa nyingine palitokeza uvimbe. Uvimbe ukakua, kiini cha seli kikajigawa, nakala moja ikahamia kwa mtoto, kisha mtoto akajitenga. Hakuna baba, hakuna harusi, na mtoto ni mamaye mtupu. Moja huwa mbili, mbili nne, nne nane. Lakini seli iliyokufa kwa moto haigawiki tena, hata ukiibembeleza.

"Mwambie Bibi," alisema Firas.

"Mwambie wewe, kama una kifua."

Badala yake Rumaitha alikwenda dukani, akanunua hamira ya pakiti, akachanganya unga na tui, akajaza chupa. Mapovu yakaja chapuchapu.

Jumatatu Bibi alifungua chupa, akanusa. "Mbona inanuka kama ya dukani?"

"Labda friji, Bibi."

"Na weupe huu?"

"Labda mchele ule mpya."

"Labda mwezi umeandama," alinong'ona Firas, akakanyagwa mguu.

Jumatano mchana simu ya Bibi ililia. Alikuwa Samah, mjukuu wa Bi Badria, anayekaa Nizwa. Bibi, kwa kuwa haamini simu za kubandika sikioni, alifungua spika.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Kesho alfajiri tunasafiri, mume wangu anakwenda masomoni miezi minne. Nasafisha friji. Ile chachu uliyonipa mwaka juzi nikuwekee, au niimwage?"

"Mwaga tu, mama. Mimi ninayo tele."

"Haya, ndiyo hii naipeleka kwenye sinki."

Rumaitha alisikia bomba likifunguliwa kule Nizwa. Akinyamaza, Bibi hatajua kitu maisha yake yote, na chachu ya Bi Badria itakwenda na maji.

"Usiimwage!" alipiga kelele. "Bibi, yako imekufa. Niliimwagia tui la moto. Hiyo iliyomo chupani ni ya pakiti. Nilikudanganya."

Bibi alikaa kitako taratibu.

"Alo?" ilisema simu. "Nimwage au nisimwage?"

"Subiri," alisema Bibi, sauti imepungua. "Rumaitha, ile ya Samah ni ya Nizwa. Itakuwaje ya Badria?"

"Ni ileile, Bibi. Seli za chachu hazina wazazi wawili. Mama hujigawa, na mtoto anakuwa nakala yake. Ulipompa Samah kijiko kimoja, kilikuwa na watoto wa zile za Bi Badria, na mpaka leo wanazaana hivyohivyo."

Bibi aliishika simu kwa mikono miwili. "Samah, irudishe kwenye friji. Tunakuja."

Baba yao aliwapeleka alasiri hiyohiyo. Wakirudi, chupa ilikaa kwenye mapaja ya Rumaitha, imefungwa mkanda pamoja naye, na Firas akamwomba baba apunguze mwendo kwa kuwa garini kuna mjamzito.

Nyumbani Bibi alifungua kifuniko, akanusa, akafumba macho. "Hii ndiyo," alisema. Kisha akamvuta Rumaitha kwake.

"Kuunguza chachu ni bahati mbaya, mwanangu, hata mimi nimewahi kuunguza vingi. Ulikosea ulipoficha. Ulianza na uongo mmoja, ukazaa wa friji, wa friji ukazaa wa mchele, na wote sura moja. Uongo nao hauhitaji baba wala harusi. Usipoukata mapema, utajaa nyumba."

Akampa kijiko. "Sasa ilishe. Na kidole kwanza."